Kuvuka kwa miguu maji yakipwa: kutoka Uzi hadi Donegal

Mtu wa Unguja Ukuu anayekwenda kisiwa cha Uzi kwa njia ya chini, ile ya mawe inayokatiza mikokoni, hahitaji kufundishwa kwamba kisiwa kina saa zake. Maji yakijaa, njia hakuna. Yakipwa, baiskeli zinapita. Kaskazini-magharibi ya Ayalandi, katika kaunti ya Donegal, vipo visiwa vya namna hiyo hiyo, na mwenzetu aliyeko huko kwa masomo au kazi anaweza kuvifikia kwa elimu aliyotoka nayo nyumbani. Hesabu ya mwezi ni ile ile. Vinavyobadilika ni saa, upepo na baridi, na hivyo ndivyo vinavyomnasa mgeni.

Mfano wetu ni Inishkeel, kisiwa kidogo kisichokaliwa, mbele ya ufukwe wa Narin na Portnoo katika ghuba ya Gweebarra. Juu yake yamebaki magofu ya makanisa ya kale yanayohusishwa na Conall, mtakatifu wa karne ya 6. Maji yakipwa vizuri, mchanga unakiunga na bara. Arranmore na Tory tuviache: hivyo ni vya boti, kutoka Burtonport na Magheroarty, na Tory ipo mbali hata bahari ikichafuka wakati wa baridi safari husimama.

Anza na mwezi

Tazama tarehe ya Kiislamu kabla ya kufungua simu. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kama tarehe 2 hadi 4 za mwezi huo, tena 16 hadi 18. Maji mafu, kinyume chake, huangukia kama tarehe 9 na tarehe 23. Mwandamo ukizozaniwa kwa siku moja, usijali. Bahari inafuata mwezi wenyewe, haingoji tangazo.

Kwa Inishkeel panga siku za bamvua tu. Siku za maji mafu bahari haijai sana wala haipwi sana, na mtu anaweza kusimama pwani saa nzima akingoja mchanga usiotoka. Machi na Septemba bamvua huwa kubwa kuliko miezi mingine, kwetu na kwao. Wazungumzaji wa Kiayalandi wa pwani ile nao wana maneno yao: bamvua huita rabharta, na maji mafu huita mallmhuir, yaani bahari ya polepole. Sisi tumesema yamekufa, wao wanaona yamezubaa tu.

Saa ndiyo mtego

Unguja, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi. Usilichukue zoea hilo ukaenda nalo. Pwani ya Donegal kupwa kwa bamvua huangukia karibu na adhuhuri kwa saa za baridi, na karibu saa saba mchana kwa saa za majira ya joto. Mwezi ni mmoja, lakini umbo la bahari na la ukingo wake ndilo linaloamua maji yachelewe kiasi gani nyuma ya mwezi, na kila bandari ina uchelewaji wake.

Tafuta jedwali la maji la Killybegs au Burtonport, kisha ulisome mara mbili kwa sababu ya makosa matatu.

Kosa la kwanza ni letu sisi wa saa za Kiswahili. Jedwali linaandika 10:40, kichwa kinasoma saa kumi na dakika 40. Hapo umekosea saa sita kamili, na saa sita ndizo zinazogeuza kupwa kuwa kujaa.

La pili ni la saa ya Ayalandi, inayosogezwa mbele saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majedwali mengine yanabaki na saa ya baridi mwaka mzima, na msomaji ndiye anayeongeza. Ukisahau kuongeza utafika mapema, ungoje. Hatari ni kuongeza juu ya jedwali lililokwisha kuongezwa: utashuka mchangani saa moja baadaye, maji yakiwa yameshageuka.

La tatu ni kutumia saa ya jana. Siku za bamvua maji huchelewa kama dakika 40 kila siku. Siku za mafu huchelewa zaidi ya saa moja.

Maji hayajai kwa mwendo mmoja

Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na dakika 12. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Bamvua la mita 4, la kwetu au la kule, lina maana hii: saa ya kwanza sentimita 33, ya pili 67, ya tatu mita nzima. Anayetazama maji dakika 20 baada ya kugeuka huyaona kama yamelala, akajipa muda. Saa mbili baada ya kupwa kimo kimeshapanda mita moja, na saa inayofuata ndiyo ya mbio.

Kwa hivyo, kupwa kukiwa saa saba mchana, shuka mchangani saa sita kasorobo ikiwa pameshakauka, uanze kurudi saa saba na robo, na saa nane miguu iwe bara. Muda wa kutembea magofuni utoe kabla ya kupwa, usiutoe baada yake.

Tena usipime kwa mchanga uliosimama juu yake. Maji huanzia bondeni, na bonde mara nyingi liko karibu na bara, nyuma yako, kama mkondo wa mikokoni unaojaa wakati mbele bado panatembeka. Unapokwenda, geuka utie alama mahali palipokuwa chini kuliko pote. Hapo ndipo patakapofunga kwanza.

Upepo na mgandamizo wa hewa

Hili kwetu halipo kwa kiasi hicho. Mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 1, bahari hupanda kama sentimita 1. Zanzibar mgandamizo hautikisiki sana mwaka mzima, hata kusi likivuma. Atlantiki dhoruba inaweza kuushusha kutoka 1013 hadi 970, na hizo ni sentimita 40 na zaidi ambazo jedwali halikuziandika, kabla upepo wa magharibi haujasukuma maji yake juu ya hapo. Siku kama hiyo njia huchelewa kufunguka, huwahi kufungwa, au haifunguki kabisa. Utabiri ukitaja dhoruba, acha safari.

Baridi na mwanga

Uzi, aliyechelewa huvua viatu akapita maji ya magotini. Donegal usifanye hivyo. Bahari huko ni kama digrii 7 au 8 mwisho wa majira ya baridi, na 14 au 15 mwezi wa Agosti. Anayetumbukia ghafla hutweta bila kutaka katika dakika ya kwanza, na pumzi hiyo ikivutwa chini ya maji hata mtoto wa Kojani aliyezaliwa na bahari huzama. Vaa viatu vya soli yenye meno, kwa kuwa mawe yamejaa mwani unaoteleza. Desemba urefu wa mchana ni saa saba na kidogo tu. Juni unapita saa 17.

Njia ikikufungia, baki kisiwani mahali pa juu na usijaribu kuogelea. Piga 112 au 999, omba Walinzi wa Pwani, useme jina la kisiwa, idadi yenu na kama yupo mgonjwa. Piga mapema, simu ikiwa bado ina chaji. Maji yaliyopwa saa saba mchana yatapwa tena saa saba na nusu usiku, gizani, kwa hivyo koti, tochi na chupa ya chai vibebwe hata siku ya jua.