Chuo Kikianza Kuyumba: Mambo ya Kuzingatia Kabla Mlango Haujafungwa

Jumapili ya tarehe 26 Aprili 2015, kampuni ya vyuo ya Marekani, Corinthian Colleges, ilitangaza kwamba kampasi zake 28 zilizobaki hazitafunguliwa kesho yake. Wanafunzi wapatao 16,000 walilala wakiwa na chuo, wakaamka hawana. Mwaka uliofuata, Jumanne ya tarehe 6 Septemba 2016, ikawa zamu ya ITT Technical Institute: kampasi zaidi ya 130 katika majimbo 38 ya Marekani, na wafanyakazi zaidi ya 8,000, wengi wao wakipoteza kazi siku hiyohiyo. Vyuo vya Art Institutes walijitahidi kidogo. Walitoa taarifa tarehe 22 Septemba 2023, wakafunga tarehe 30. Siku nane.

Watu wetu wengi huku Marekani, hasa wanaosomea uuguzi, usaidizi wa tiba na kompyuta, huingia vyuo vya namna hii: vinaendeshwa kama kampuni, vina masomo ya jioni baada ya kazi, na havina maswali mengi mlangoni. Si vyote vibovu. Lakini chuo kinachoishi kwa mikopo ya wanafunzi kinaweza kuanguka ndani ya wiki mbili bomba la fedha likifungwa, na anayesubiri tangazo rasmi ndipo aanze kujipanga huwa ameshachelewa. Karatasi zinatafutwa chuo kikiwa bado kina umeme.

Dalili huwa zipo, tena hadharani. Tarehe 25 Agosti 2016 Idara ya Elimu ya Marekani iliizuia ITT kusajili wanafunzi wapya wanaotegemea fedha za serikali, na kuitaka iweke dhamana kubwa zaidi. Siku 12 baadaye haikuwepo. Kwa Corinthian, Idara ilianza kuwacheleweshea malipo kwa siku 21 mwezi Juni 2014, na hizo siku 21 zilitosha kuonyesha kwamba kampuni nzima ilikuwa ikiishi kwa kutegemea malipo yajayo. Msishangae. Sheria inaruhusu chuo cha faida kipate hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka fedha za serikali kuu, na wapo wanaoishi ukingoni kabisa mwa hiyo 90.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma orodha mbili. Idara ya Elimu huchapisha kila robo mwaka majina ya vyuo vilivyowekwa chini ya uangalizi maalumu wa fedha. Uangalizi huo una madaraja mawili. La kwanza lisikunyime usingizi. Vyuo vingi huingia humo hata kwa kuchelewesha hesabu zilizokaguliwa. Daraja la pili ndilo la kukaa macho, kwa sababu hapo chuo hutoa kwanza fedha zake mfukoni, kikapeleka vielelezo, kikasubiri kurudishiwa. Chuo kisicho na akiba hakivumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Orodha ya pili ni ya shirika linalokipa chuo chako ithibati: tazama kama kimeandikiwa kitoe sababu kwa nini kisinyang'anywe ithibati. Taarifa hiyo utaikuta kwenye tovuti ya shirika. Kwenye ubao wa matangazo wa chuo utakuta picha za mahafali.

Zipo na dalili za jikoni. Nilifundisha masomo ya jioni miaka kadhaa katika chuo kimoja cha aina hiyo ambacho sina haja ya kukitaja. Kilichonishtua mimi hakikuwa barua wala mkutano, bali glavu. Maabara yetu ya kutolea damu ilikuwa na maboksi mawili mezani kila jioni. Likabaki moja. Kisha nikaingia siku moja nikakuta wanafunzi wawili wamegawana pea, huyu kavaa ya kulia, yule ya kushoto, wanacheka. Wiki hiyohiyo mashine ya soda haikujazwa, na mwalimu wa anatomia aliyeacha kazi hakupatiwa mbadala. Mkuu wa kampasi akatutumia baruapepe ndefu yenye maneno "tuko imara". Chuo kilicho imara hakina sababu ya kuandika hivyo.

Sasa karatasi. Nenda kwa msajili uombe nakala rasmi za matokeo, si moja, angalau nne, na ulipie hata kama ada yake inauma. Zikija kwenye bahasha iliyofungwa na muhuri mgongoni, usiifungue. Mama mmoja Mkongo darasani kwangu alifungua bahasha zake zote tatu palepale koridoni ili aone alama zake, kwa furaha tu, na dakika hiyo zikageuka karatasi za kawaida ambazo chuo kingine kisingezipokea. Ilibidi apange foleni upya. Kama unataka kuona alama, omba ya ziada isiyo rasmi. Ukidaiwa na chuo kikakunyima nakala, uliza kuhusu sheria ya jimbo lako, maana baadhi ya majimbo, California mojawapo, yamepiga marufuku kuzuia matokeo ya mwanafunzi kwa sababu ya deni.

Matokeo peke yake hayatoshi. Chuo utakachohamia kitataka kujua kozi uliyosoma ilikuwa na nini ndani yake, na hilo haliandikwi kwenye matokeo. Linaandikwa kwenye silabasi. Kusanya silabasi ya kila kozi, ya tangu muhula wa kwanza, pamoja na kitabu cha maelezo ya kozi cha mwaka ulioingia. Mfumo wa masomo wa mtandaoni ukizimwa, zote zinakwenda nao. Anayesomea uuguzi au usaidizi wa tiba ahakikishe daftari la saa za mafunzo ya vitendo limesainiwa na msimamizi ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu mwalimu aliyehamia jimbo jingine ni shida kumpata, na bodi ya leseni haipokei maneno ya mdomo. Hifadhi kila kitu kwenye flashi na kwenye baruapepe yako binafsi. Ile ya chuo itakufa na chuo.

Upande wa fedha, ingia studentaid.gov uone mikopo yako ipi ni ya serikali na ipi ni ya benki au ya kampuni binafsi, kwa sababu ya binafsi haimo katika msamaha nitakaoueleza. Chukua na taarifa ya akaunti yako ya ada. Kama chuo kinakudai, ujue. Kama wewe ndiye unakidai, ujue zaidi. Argosy University ilipofungwa Machi 2019, ilikuwa imekalia takriban dola milioni 13 za masalio ya mikopo, zile fedha ambazo wanafunzi hutegemea kulipia pango na chakula. Salio lako likichelewa wiki moja, lifuatilie kwa maandishi siku hiyohiyo. Usikubali kuambiwa mfumo uko chini.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, na mimi nitakawia kidogo. Chuo kikifungwa kabla hujamaliza, sheria inakupa haki ya kufutiwa mikopo ya serikali uliyochukua kwa ajili ya programu hiyo, na kurudishiwa ulichokwisha kulipa. Haki hiyo inamhusu aliyekuwa bado amesajiliwa siku ya kufungwa, pamoja na aliyekuwa kwenye likizo iliyoidhinishwa, na aliyejitoa ndani ya siku 180 kabla ya hapo. Kwa mikopo iliyoanza kutolewa kabla ya tarehe 1 Julai 2020, siku ni 120. Anayesikia uvumi akajitoa kwa hasira miezi tisa kabla, anabaki na deni lote mgongoni huku jirani yake aliyevumilia anafutiwa. Si haki sana, lakini ndivyo ilivyo. Kama huamini chuo tena lakini hujui kitaanguka lini, uliza kwanza kuhusu likizo iliyoidhinishwa kabla ya kusaini fomu ya kujitoa. Unaacha kuongeza deni na jina lako linabaki kwenye kitabu.

Chuo kinachofunga kwa utaratibu kitakuletea mpango wa kumalizia masomo kwenye chuo kingine. Unasikika vizuri. Ila ukiufuata ukamaliza, au ukihamisha krediti zako ukamaliza programu inayofanana kwingine, haki ya kufutiwa mkopo huweza kukuponyoka. Kwa hiyo kaa na kalamu. Aliyebakiza kozi mbili kati ya ishirini, kwa maoni yangu, amalizie. Aliye katikati na deni la dola 20,000 kwa cheti ambacho waajiri hawakiheshimu, afute deni na aanze upya chuo cha jamii, ambako ada ni ndogo na krediti zake hupokewa na vyuo vikuu. Msaada wa Pell, ile ruzuku ya masomo ya serikali isiyolipwa, ulioutumia kwenye chuo kilichofungwa nao hurudishwa kwenye kiwango chako cha maisha yote, ambacho ni mihula 12, hivyo hiyo isikuzuie. Usiharakishwe na maofisa wa vyuo vingine vya faida watakaosimama nje ya geti wakigawa kalamu. Watafika kabla ya wewe kupata majibu ya Idara.

Na hayo majibu yanaweza kuwa mbali. Wanafunzi 560,000 wa Corinthian, wakiwemo wa miaka ya nyuma, walifutiwa jumla ya dola bilioni 5.8 mwezi Juni 2022, miaka saba baada ya milango kufungwa. Wa ITT, 208,000, walisubiri hadi Agosti 2022 kufutiwa dola bilioni 3.9. Katikati ya kusubiri huko hupiga simu watu wanaoahidi kukuharakishia kwa dola mia kadhaa. Kuomba ni bure, na hakuna wa kumharakishia mwenzake. Kata simu.

Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, asisubiri hata kidogo, maana uhalali wake wa kukaa umefungwa kwenye rekodi ya chuo hicho katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Tafuta chuo kingine, pata barua ya kukubaliwa, na ofisa wa wanafunzi wa kigeni ahamishe rekodi yako wakati bado ana kiti na kompyuta. Beba nakala za fomu zako zote za I-20, zile chuo kinazotoa kwa ajili ya viza, tangu ya kwanza.

Wafanyakazi wenzangu, mara nyingi tunashughulika na wanafunzi mpaka tunajisahau. Sheria ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mwenye watu 100 au zaidi atoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga. Wafanyakazi wa ITT hawakuipata, wakaenda mahakamani, lakini kampuni ilikuwa imekwisha filisika ndani ya siku kumi baada ya kufunga. Basi usiitegemee. Pakua hati zako zote za mshahara, fomu za kodi, na picha ya skrini inayoonyesha siku za likizo ambazo hujalipwa. Bima ya afya ndiyo inayowashangaza wengi: ile haki ya kuendelea na bima ya kazini kwa kujilipia inafanya kazi endapo mpango wa bima bado upo. Mwajiri akifa na mpango ukifa, hakuna cha kuendelea nacho, na una siku 60 za kujiandikisha kwenye soko la bima la serikali. Jaza dawa zako na upeleke watoto kwa daktari wa meno mwezi huu. Akiba ya uzeeni iko kwenye mfuko tofauti na wadai wa chuo hawaigusi, ila hakiki kwamba makato ya miezi ya mwisho yalipelekwa kweli. Mwenye H-1B, viza ya kazi, ana siku zisizozidi 60 tangu ajira ikome. Na omba barua za mapendekezo sasa, mkuu wako akiwa bado na barua zenye nembo.

Yuko pia mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote: aliyechanga. Wengi tulisoma kwa harambee ya kijiji au kwa shamba la mjomba. Waambie mapema, kwa simu, si kwa ujumbe wa WhatsApp kwenye kundi la ukoo. Shangazi yangu alinijibu, "Mwanangu, hata daladala huharibika njiani, abiria hushuka wakapanda jingine. Wewe una tiketi?" Nikamwambia ninayo.

Chuo kikishafungwa, matokeo huhifadhiwa na mtunzaji aliyeteuliwa, mara nyingi ofisi ya jimbo inayosimamia elimu ya juu. Andika anwani yake leo. Anayefikiria kurudi nyumbani, akapeleke cheti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Dar es Salaam au kwa wahusika Nairobi kitambuliwe, atataka na barua inayothibitisha kwamba chuo kilikuwa na ithibati miaka aliyosoma. Tovuti ya shirika la ithibati huonyesha tarehe hizo, ichapishe ungali unaiona. Msajili wetu, siku chuo kilipotangaza, alibaki mpaka saa mbili usiku akichapisha nakala kwa kila aliyefika dirishani. Wino ulipokwisha alitoa kopo, akalitikisa, akalirudisha, zikatoka kurasa nyingine kama thelathini hivi, za mwisho zimefifia. Waliokuwa nyuma kwenye foleni aliwaandikia majina kwenye karatasi ya njano, na asubuhi kufuli lilikuwa limebadilishwa.