Somo: Kutunga kipande chako cha kwanza kwa bendi kubwa ya jazi unayoiongoza mwenyewe

Somo hili ni la wale wanaosoma noti na wameshatunga kitu cha piano au cha kikundi kidogo, na sasa wanataka kusimama mbele ya watu 17 na kuwapa muziki wao wenyewe. Hatua hazilingani uzito. Ya pili na ya nne ndizo zenye kazi, kwa hiyo huko nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Ijue bendi ilivyopangwa

Mpangilio uliozoeleka ni saksafoni 5 (alto 2, tena 2, baritoni 1), tarumbeta 4, tromboni 4 ambazo ya mwisho kwa kawaida ni ya besi, kisha piano, gitaa, besi na drams. Watunzi wameupindua watakavyo. Maria Schneider ana akodiani katika okestra yake ya New York. Toshiko Akiyoshi, aliyeunda bendi yake Los Angeles mwaka 1973, aliingiza ngoma za Kijapani na kuwashikisha wapiga saksafoni wake filimbi na klarineti. Wewe kwa mara ya kwanza baki na hao 17.

Hatua ya 2: Waandikie watu

Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi, hakuwa akitunga kwa ajili ya "alto ya kwanza". Alimtungia Johnny Hodges, mpiga alto wake, na kwenye karatasi za wapigaji mara nyingi aliandika jina la mtu badala ya jina la ala. Harry Carney alimpigia baritoni kuanzia 1927 hadi Ellington alipofariki mwaka 1974. Mtunzi anayeijua sauti ya mtu kwa miaka mingi hivyo anaweza kuiweka mahali ambapo kitabu cha nadharia kingemkataza, na ikasikika tamu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika noti hata moja, kaa na kila mpigaji. Muulize noti ya juu anayoipiga bila kujilazimisha baada ya nusu saa ya kazi, maana ile anayoifikia akiwa hajachoka itakudanganya. Muulize ana ala gani nyingine. Msikilize akipiga polepole peke yake: yupo mpiga tromboni wa tatu asiyesikika kwenye kelele, lakini mpe mstari mmoja mtulivu na ukumbi wote utanyamaza. Yaandike haya kwenye daftari. Kwa maoni yangu daftari hilo lina thamani kuliko programu yoyote ya kuandikia noti.

Hatua ya 3: Mistari miwili tu

Andika wimbo na besi, mwanzo hadi mwisho, bila rangi yoyote. Kama kipande hakisimami hivyo, tarumbeta 4 hazitakiokoa.

Hatua ya 4: Ipe solo kazi

Hapa ndipo mtunzi anapoachana na mpangaji wa nyimbo. Katika mpangilio wa kawaida, wimbo unapigwa, watu wawili watatu wanapiga solo, mmoja mmoja wakibuni papo hapo, juu ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zilezile, wimbo unarudi, mwisho. Hakuna ubaya, ila solo inakuwa mgeni: ukiitoa, kipande kinabaki kilekile.

Bob Brookmeyer, mpiga tromboni na mtunzi aliyewafundisha watunzi Maria Schneider na Darcy James Argue, alishikilia kwamba solo isiingie mpaka muziki ufike mahali ambapo hakuna kingine kinachoweza kufuata. Lifuate hilo kwa vitendo. Andika chini ya ile mistari yako miwili: solo inaanzia katika hali gani, na lazima itufikishe wapi? Tuseme inaanza na besi na drams tu, na inapokwisha bendi nzima inatakiwa ilipuke katika ufunguo mpya. Basi njia iliyo katikati ni yako kuitunga. Mwache mpigaji peke yake kwa muda, kisha ingiza tromboni kwa noti ndefu za chini, kisha saksafoni, na badilisha kodi taratibu ili mpigaji asukumwe kuelekea unakotaka. Yeye anabuni, nawe unaielekeza ardhi anayokanyaga. Na mchague kwa jina, kutoka kwenye daftari.

Hatua ya 5: Gawa sauti

Noti za chini zitenganishe, za juu unaweza kuzibana. Ukizibana chini, sauti inakuwa matope. Usiwe na haraka ya kutumia saksafoni zote kwa pamoja, kisha tarumbeta zote. Chukua tarumbeta moja yenye kizibo (kifaa kinachowekwa mdomoni mwa ala kuipunguza sauti), filimbi moja na tromboni moja laini, wapige wimbo mmoja. Mtunzi na mpangaji wa nyimbo Gil Evans alijenga dunia nzima kwa michanganyiko ya namna hiyo.

Na wape watu pumzi. Midomo ya wapiga tarumbeta huchoka.

Hatua ya 6: Karatasi

Tarumbeta husoma toni 1 juu ya sauti inayosikika, saksafoni ya tena oktavu na toni 1, alto toni 4 na nusu, baritoni oktavu na toni 4 na nusu. Tromboni husoma kama ilivyo. Weka herufi (A, B, C) kila sehemu mpya inapoanza.

Hatua ya 7: Mazoezi

Pigeni kipande chote bila kusimama, hata kikivunjika. Kisha piano, gitaa, besi na drams peke yao, kisha wapulizaji peke yao. Jambo unalolazimika kulieleza kwa mdomo mara mbili, liandike kwenye karatasi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Je, ni lazima kiongozi apige ala?*
Marahaba. Si lazima. Ellington na Akiyoshi waliongoza wakiwa kwenye piano. Schneider na Argue husimama mbele na kuongoza kwa mikono. Kama mwendo wa kipande chako unabadilikabadilika, simama.

*Nina watu 11 tu. Nipunguze sauti kutoka kipande cha 17?*
Usipunguze, kitabaki na mashimo. Andika upya kwa hao 11, ukianzia kwenye mistari miwili.

*Kwenye kompyuta kilisikika vizuri mno, bendi ilipopiga filimbi ikapotea. Kwa nini?*
Kompyuta inaisawazisha filimbi ya chini na tromboni 4 bila shida, na tarumbeta zake hazichoki. Filimbi ipandishe oktavu moja, au watoe tromboni wawili hapo.

*Mwalimu, bendi ya watu wengi hivi inaishije? Malipo hayatoshi.*
Swali zito, ndugu yangu, na ni la zamani. Thad Jones na Mel Lewis na bendi yao walianza kupiga Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York, kila Jumatatu mwaka 1966, kwa sababu usiku huo wanamuziki wengi hawakuwa na kazi nyingine, na bendi iliyowarithi bado inapiga Jumatatu mpaka leo. Schneider alichangisha gharama za albamu yake ya 2004 kwa wasikilizaji wenyewe, akaiuza kwa intaneti tu, na ikapata tuzo ya Grammy bila kuwekwa dukani. Anza na lile la kwanza: tafuta siku moja ambayo watu wako wote hawana kazi, na usiibadilishe.