Gari ipo waranti na spea haifiki? Omba gari ya kutumia

Wana Mbeya, kama gari yako imelala gereji ya dila inasubiri spea kutoka Dar usikae kimya. Kwanza soma kitabu cha waranti, maana nyingi haziahidi gari mbadala, inabidi uombe. Simu haiachi ushahidi kwahiyo mwandikie meneja wa sevisi, ambatanisha jobukadi, ile karatasi ya gereji ya kupokea gari, yenye tarehe uliyoikabidhi, sema na kazi yako, kama unabeba viazi Uyole kila asubuhi andika hivyohivyo, halafu omba gari au wakulipie ya kukodi. Wakizungusha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Ukipewa, piga picha kila mkwaruzo kabla hujawasha, na uliza kama ina bima kubwa, ile inayolipa hata gari yenyewe ikiharibika kwa ajali, hapo wengi wanaumia jamani.