Umetoka wodini, sasa uko nyumbani: mwaka wa kwanza baada ya ugonjwa wa akili

Siku ya kuruhusiwa hospitali nyumba hujaa furaha. Majirani wanapita kutoa pole, uji unachemshwa, mfuko wa dawa unawekwa juu ya kabati. Ikifika wiki ya tatu usingizi umerudi, maongezi yamenyooka, ndipo mtu mmoja anauliza: "Si amepona? Hizi dawa za nini tena?" Wengi wanaorudi wodini, safari yao huanzia kwenye swali hilo.

Mwongozo huu usomwe na watu wawili pamoja: mwenyewe aliyeugua, na ndugu mmoja aliyekubali kuwa karibu naye. Tumelenga zaidi skizofrenia na bipola, yaani maradhi ya kusikia sauti, kushikilia mambo yasiyokuwepo, au moyo kupanda na kushuka kupita kiasi. Mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, naye atapata lake.

Daftari kabla ya kutoka getini

Nunueni daftari la shule. Kabla ya kuondoka wodini mwombeni muuguzi awatajie, nanyi muandike: jina la ugonjwa, jina la kila dawa, miligramu ngapi, saa ngapi, tarehe ya kliniki na namba ya simu ya kliniki. Msiandike "kile cheupe cha usiku." Kiwanda kikibadilika rangi ya kidonge hubadilika, na muuguzi wa zahanati ya kwenu hatajua mnasema nini. Andikeni pia dawa yoyote iliyowahi kumdhuru. Picha ya ukurasa huo ikae kwenye simu mbili.

Vidonge vihesabiwe kila Jumamosi. Vikibaki vya siku 10, anzeni kutafuta vingine, maana dawa za akili huadimika vituoni, na kuzunguka maduka matatu ya dawa huchukua muda. Kama mwenyewe amewahi kuwaza kujiua, akiba yote ishikwe na ndugu, yeye apewe ya siku chache tu. Fedha zikiwa tatizo, pitieni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya kuruhusiwa.

Dawa, na pale zinapokosewa

Dawa za kutuliza sauti huleta usingizi ndani ya siku chache, lakini sauti zenyewe huweza kuchukua wiki 2 hadi 6 kupungua. Baada ya ugonjwa wa mara ya kwanza wa kuchanganyikiwa, dawa huendelea angalau miezi 12 tangu dalili ziishe. Kwa bipola ni angalau miaka 2 tangu kipindi cha mwisho, kwa sonona miezi 9 hadi 12. Hesabu huanza siku dalili zilipoisha, si siku ya kulazwa. Dawa ikikatishwa, ugonjwa mara nyingi haurudi kesho yake. Hurudi baada ya wiki kadhaa au miezi. Umbali huo ndio unaowapoteza watu: hakuna anayekumbuka vidonge vilivyoachwa, wanasema amerogwa upya.

Dozi ya usiku ifungeni na jambo ambalo halikosi, kama chakula cha jioni au sala ya Isha. Ukisahau usiku mmoja, usimeze mara mbili kesho yake. Anayesahau mara kwa mara aulize kliniki kuhusu sindano ya kudumu ya dawa za kutuliza sauti, flufenazini au haloperido, inayochomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4.

Sasa madhara ya dawa, jambo linalovunja tiba nyingi kuliko uvivu au ubishi. Shingo kupinda, macho kugeuka juu, ulimi kutoka nje, taya kukaza: haya hutokea hasa siku za mwanzo za haloperido na jamii yake. Nyumba nyingi huona pepo amepanda. Ni misuli iliyokazwa na dawa, na sindano sahihi huilegeza ndani ya dakika chache hadi nusu saa. Nendeni kituo cha afya na daftari lenu. La pili ni kushindwa kutulia: mtu anakaa, anasimama, anazunguka ua, miguu inamwasha kwa ndani. Ndugu hudhani ugonjwa unarudi na kumwongezea kidonge, kumbe dawa ikizidi hali huwa mbaya zaidi. Mwulize: "Unatembea kwa sababu unataka, au miguu inakulazimisha?" Jibu lake mpelekeeni daktari, apunguze dozi au abadilishe dawa.

La tatu ni nadra, ila huua. Homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa vikija pamoja kwa mtu anayetumia dawa hizi, msikae kumtibu malaria nyumbani. Msimpe dozi inayofuata; mpelekeni hospitali kubwa saa hiyohiyo, mkitaja dawa anazomeza.

Lithiamu, dawa ya bipola, ina masharti yake. Anayeitumia anywe maji ya kutosha, asibadilishe ghafla kiasi cha chumvi, na asinunue dukani diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa hupandisha lithiamu kwenye damu, parasetamo inafaa. Akiharisha, akitapika, akianza kutetemeka sana au kupepesuka, asimeze tena mpaka aonwe na daktari siku hiyohiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mwezi mmoja kabla. Kati ya dawa nyingine za bipola, valproeti huweza kumdhuru mtoto tumboni, na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango pamoja na baadhi ya ARV, kwa hiyo mwanamke ayaseme haya kliniki bila kusubiri kuulizwa. Klopromazini, mojawapo ya dawa za kutuliza sauti, huifanya ngozi iungue juani na kichwa kizunguke ukiinuka ghafla: kofia mchana, na asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda.

Usingizi ndio kipimo

Kila asubuhi andika kwenye daftari saa ulizolala. Ni namba moja tu, lakini mara nyingi huonyesha mabadiliko kabla ya ndugu kuyaona. Mwenye bipola akilala saa 3 na kuamka na nguvu tele, hiyo si baraka. Kanuni tunayopendekeza: usiku 2 mfululizo chini ya saa 4, piga simu kliniki, hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri kupita kawaida.

Chai na kahawa ziishie saa 8 mchana. Kulala na kuamka kuwe saa zilezile, Jumapili pia. Bangi na mirungi viachwe kabisa, kwa kuwa huamsha sauti na hukata usingizi. Gongo na pombe nyingine zikichanganyika na dawa za usingizi huweza kuzuia pumzi. Tembea dakika 30 asubuhi kabla ya jua kali. Inasaidia pia uzito, kwani olanzapini, nayo dawa ya kutuliza sauti, huleta njaa isiyoshiba. Kwa njaa hiyo, sahani ijae mboga na maharage kabla ya ugali, na soda ibaki dukani.

Maneno ya nyumbani

Kuanzia miaka ya 1950 mtafiti George Brown na wenzake huko London walifuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliorudi makwao. Waliorudi kwenye nyumba zenye kulaumiwa, ukali, au ndugu aliyewaganda kila dakika walirudiwa na ugonjwa zaidi ya wengine. Tafiti za baadaye ziliongeza jambo la manufaa: katika nyumba za aina hiyo, waliokaa ana kwa ana na ndugu chini ya saa 35 kwa wiki walikuwa salama zaidi. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba haina pa kukimbilia, ndiyo maana mwenyewe anahitaji sehemu ya pili ya kuwa: genge la mjomba, shamba, kikundi cha msikitini, baraza la fundi cherehani.

Badala ya "mvivu, umelala mpaka saa nne," sema: "Naona dawa inakulevya asubuhi. Tumwulize daktari uimeze mapema jioni?" Uvivu unaoonekana mara nyingi ni dawa, au ni sehemu ya ugonjwa inayonyonya hamu ya mambo. Kazi za nyumbani zianze na moja yenye mwisho unaoonekana, kama kuchota ndoo mbili za maji. Wiki ya pili ongezeni nyingine. Akiwa na ujuzi wake, saa 2 za kazi asubuhi zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Na neno kichaa lisitamkwe kwenye nyumba hiyo, hata kwa utani wa mabinamu.

Majirani watauliza. Kubalianeni sentensi moja, mwenyewe akiwa ameiridhia: "Aliugua, anatibiwa, anaendelea vizuri." Zaidi ya hapo ni siri yake.

Dua, maombi na mizizi

Hatuwaambii watu waache kisomo au maombi. Faraja ya imani ni msaada wa kweli, na kiongozi wa dini anaweza kuwa mlinzi bora wa dawa. Mfuateni mapema, mwambieni: "Shehe, tuombee, na umsisitize asiache vidonge." Mikesha na mifungo mirefu ndiyo ya kuahirisha mwaka huu, maana kukosa usingizi huwasha ugonjwa.

Dawa ya kunywa ya mizizi ni jambo jingine. Miti ya jamii ya Rauvolfia, ambamo umo msesewe ambao Wachaga hutumia gome lake kwenye mbege, ina kemikali zinazofanya kazi kweli mwilini. Reserpini, inayotoka kwenye jamii hiyo, ilitumika hospitalini miaka ya 1950 kutibu wagonjwa wa akili. Hushusha shinikizo la damu, hivyo ikichanganywa na klopromazini mtu anaweza kuzirai. Kama kuna kitu kimenywewa, mwambieni daktari bila kuona aibu.

Kikundi cha wenzenu

Zimbabwe walianza mwaka 2006 kuweka mabenchi kwenye zahanati za Harare, mabibi wa mtaani wakifunzwa kusikiliza watu wenye kile Washona wanachoita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawa na watu wetu wanaosema "nina mawazo." Njia yao mnaweza kuifuata: taja matatizo yote, chagua moja, orodhesha njia za kulitatua, chagua hatua ndogo ya wiki hii, rudi useme ilikwendaje.

Kikundi chenu kiwe cha watu 6 hadi 10, siku moja maalumu, dakika 90. Kila mtu apewe dakika 5 bila kukatizwa. Sheria ziwe chache: yanayosemwa hayatoki, na hakuna kumshauri mwenzako aache dawa. Michango ya fedha itengwe kabisa na uanachama. Mkichanganya, aliyekosa mchango kwa sababu alikuwa anaumwa ataona haya na kupotea, na huyo ndiye aliyewahitaji zaidi.

Karatasi ya siku mbaya

Iandikwe mwenyewe akiwa mzima, kwa maneno yake. Dalili zake 3 hadi 5 za mwanzo, kwa mfano kufunga pazia mchana, kugombana kwenye daladala, kutuma fedha usiku. Nani apigiwe kwanza, nani asiitwe kabisa. Nani ashike kadi ya benki na hati za nyumba moyo ukipanda. Gari la nani litatumika.

Akikasirika, watu wapungue, mmoja tu azungumze, kwa sauti ya chini, bila kuziba mlango. Kamba na minyororo hapana. Akisema hana haja ya kuishi, mwulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ondoeni dawa ya panya na sumu za shambani, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali.

Muda wa dawa tuliotaja kwa ugonjwa wake ukitimia na dalili hazipo, kupunguza dawa huzungumzwa na daktari, polepole kwa miezi, dozi kidogo kila hatua, daftari la usingizi likiendelea. Msianze msimu wa mavuno, mitihani, harusi au msiba. Chagueni kipindi cha utulivu, ndugu mwangalizi akiwepo, na karatasi ya siku mbaya ikiwa imesomwa upya na kila aliyeandikwa jina lake humo.