Kebo ya antena ishuke kwanza, ndipo iingie ndani
Mzee wetu wa redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio ya kujifurahisha, si ya biashara) hapa Mbeya ametangulia mbele ya haki, ila kila akija kukagua antena ya mtu alianzia dirishani: "Kebo imening'inia?" Kabla haijaingia ndani, ishushe chini ya tundu inapoingilia kiasi cha kiganja, kisha ipandishe. Maji ya mvua hufuata kebo lakini hayapandi mlima. Yatadondokea pale chini, redio ibaki kavu. Kwa mvua za Tukuyu, hilo si pambo. Halisaidii kama kiunganishi cha juu, pale kebo inapoungana na antena, kiko wazi: maji huingia chini ya ganda la kebo na kuteremka na nyuzi za shaba. Kifunge kwa mpira wa tyubu, ukizungusha kutoka chini kwenda juu, mizunguko ipandane kama vigae. Na radi ikianza mlima Loleza, chomoa kebo kabisa.