Viazi lishe ndani ya chapati

Kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje, ilhali viazi vitamu hulimwa katika mikoa mingi, sasa ninakanda chapati kwa vikombe vitatu vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vilivyopikwa kwa mvuke, vikamenywa na kupondwa hadi vikawa laini kabisa. Changanya viazi na unga kwanza, ndipo uongeze maji kidogo kidogo, kwa sababu viazi vyenyewe vina maji ya kutosha. Wanga wa kiazi kilichoiva hushika maji, kwa hiyo chapati hubaki laini hata asubuhi ya pili, na ile rangi ya chungwa ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mbinu hii hushindwa viazi vinapozidi, kwa kuwa havina gluteni inayoufanya unga uvutike, na chapati huchanika wakati wa kusukuma; hushindwa pia viazi vikichemshwa hadi vikalowa maji. Moto uwe wa wastani, maana sukari ya viazi huungua upesi.