Kuombea hataza kifaa kinachoendeshwa na programu

Tuchukue bani, yaani banda la kukaushia, la tumbaku ya mvuke kule Urambo. Ufito mmoja wa majani umetundikwa kwenye mzani wa umeme, kihisi kinapima joto, kompyuta ndogo inapiga hesabu, na mlango wa hewa unajifungua wenyewe. Uombe hataza (haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako) ya nini hapo?

Si ya msimbo. Programu kama maandishi inalindwa na hakimiliki, chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, tangu inapoandikwa. Ila hakimiliki haimzuii jirani kuandika programu yake mwenyewe ya kazi ileile. Omba hataza ya namna ya kukausha.

Dai kuu, yaani sentensi ya ombi inayotaja unachotaka kilindwe, liandikwe kwa mfuatano wa kipimo, hesabu na tendo: uzito wa ufito unapimwa mara kwa mara, kasi ya jani kupoteza maji inakokotolewa, na mlango wa hewa unafunguliwa kasi hiyo ikifikia kiwango fulani. Usitie "kila dakika 5" kwenye dai kuu. Mshindani atapima kila dakika 6 na kukuponyoka. Tarakimu ziweke kwenye madai yanayofuata. Kwenye maelezo, kinyume chake, zimwage zote: kukuza umanjano kwenye nyuzi 35 hadi 40, kukausha mshipa wa jani karibu na 70. Eleza pia tatizo lenyewe, kwamba jani likikaushwa haraka kabla ya kugeuka manjano hubaki na ukijani. Ukiandika tu "programu ya kisasa inayokausha vizuri", fundi mwingine hawezi kuirudia, na ombi litaanguka.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali dai la aina hii mwaka 1981, katika Diamond v. Diehr: kompyuta ilikokotoa muda wa kupika mpira, kisha ikafungua kalibu. Mwaka 2014, katika Alice v. CLS Bank, ilikataa utaratibu wa malipo uliopachikwa tu kwenye kompyuta. Tunaona mpaka huo ni wa haki, na sheria yetu ifuate huko. Kwa hiyo programu ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kukata madeni ya pembejeo isikutoe hela ya hataza.

Usikionyeshe kifaa Nanenane, wala kurusha video kwenye kundi la WhatsApp, kabla ya kuwasilisha ombi BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza. Upya, yaani uvumbuzi kutojulikana bado kwa umma, ukishapotea haurudi. Ukishawasilisha, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine kwa kutumia tarehe ileile, au kupitia ARIPO, shirika la Afrika la hataza na haki nyingine za ubunifu, Harare.